Mkono Usio na Papara

Mbwa aliyevunjika jino halii. Chakula anakimaliza, usiku anabweka, mwenye nyumba akifika getini anamkimbilia vilevile. Dalili zipo, ila ni ndogo: mfupa anautafunia upande mmoja, upande wa pili meno yanajaa ukoga kwa kukosa kazi, kipande cha nyama kinamdondoka naye anakiokota upya. Daktari wa meno ya mbwa huanzia hapo, kwa mgonjwa asiyeweza kuonyesha panapouma, na mara nyingi kwa mwenye mbwa aliyekuja kwa shida nyingine kabisa, chanjo au kupe.

Mimi si daktari, lakini nimekaa pembeni ya meza ya upasuaji vya kutosha kuipenda kazi hii, na kila nikiitazama naona kwamba sehemu yake kubwa ni kujizuia. Mtu ana vyuma vyenye makali mkononi, mbwa amelala fofofo hawezi kumuuma wala kumkimbia, na bado mkono unakwenda polepole.

Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya yetu. Kila moja lina namba ya tarakimu tatu: juu kulia huanzia 101, juu kushoto 201, chini kushoto 301, chini kulia 401, hesabu ikienda kutoka katikati ya mdomo kuelekea nyuma. Meno yote ya chonge huishia na 04. Lile gego kubwa la juu linalokata nyama huishia na 08. Daktari akitaja 108 na msaidizi akaandika, hakuna tena kubishana kuhusu jino lipi.

Chonge na gego hilo la juu ndiyo huleta wagonjwa wengi. Chonge huvunjwa na jiwe, na gari, na purukushani. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa mchana kwenye banda la wavu ana njia yake: anauma waya saa baada ya saa, waya unalila jino kwa nyuma, mahali ambapo ukimtazama usoni huoni kitu, hadi siku anapomrukia mtu nalo linakatika. Gego huvunjwa na vitu vigumu anavyopewa kwa mapenzi: pembe, kwato, ule mfupa wa paja la ng'ombe tunaouomba buchani. Upande wa nje wa jino unabanduka, na wakati mwingine ufa unashuka hadi chini ya ufizi.

Swali la kwanza ni kama kiini kimefikiwa. Ndani ya kila jino kuna nyama laini yenye damu na neva. Ikiwa ufa haujaifikia, mara nyingi jino huzibwa na kusawazishwa likaendelea na kazi. Ikiwa umeifikia, vijidudu vya mdomoni vimeshapata njia, kiini kitakufa, na uchafu utateremka hadi ncha ya mzizi na kuingia kwenye mfupa. Sasa tazama namna daktari anavyojua. Katikati ya jino lililovunjika mara nyingi pana doa la kahawia. Doa hilo linaweza kuwa tundu, na linaweza kuwa kinga ambayo jino lenyewe limejijengea ndani wakati likilika taratibu. Kwa macho yanafanana. Daktari huchukua kichokonoo chembamba na kukipitisha juu ya doa bila kukandamiza. Kikiteleza, jino limejilinda. Ncha ikizama na kunasa, kiini kiko wazi. Nimeona uamuzi wote ukikaa kwenye mguso huo mdogo, kisha picha ya eksirei ikachukuliwa kuuthibitisha.

Picha haikwepeki, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachotibiwa haionekani. Mzizi wa chonge ni mrefu kuliko sehemu inayojitokeza mdomoni, nao umepinda kurudi nyuma ndani ya taya. Gego la juu lina mizizi mitatu, na ncha zake ziko karibu na jicho. Ndiyo maana jino bovu mdomoni huleta uvimbe chini ya jicho. Uvimbe huo ukipewa antibiotiki hunywea, mwenye mbwa akafurahi, kisha ukarudi, maana jino lililokufa bado limo. Linaniuma hili kuliko yote: mnyama kuishi na jipu la mfupa kwa miezi kwa kuwa eti anakula vizuri.

Gego la namna hiyo mara nyingi hung'olewa. Mama mmoja niliyemkuta kliniki alimuuliza daktari, "Sasa si ulivute tu litoke?" Akajibiwa, "Mama, nikilivuta litatoka nusu."

Mbwa hulazwa usingizi kamili, mpira ukiwa kwenye koo la hewa ili maji na damu visishuke mapafuni. Juu ya usingizi huo huchomwa ganzi. Daktari hupapasa kwa kidole juu ya magego ya mbele hadi apate tundu dogo kwenye mfupa, pale neva inapotokea, na sindano huelekea hapo. Mwili uliolala bado hushtuka ukiumizwa. Ukiwa na ganzi, dawa ya usingizi hutumika kidogo zaidi, na mbwa huamka bila maumivu kwa saa kadhaa. Ufizi unakatwa na kuinuliwa taratibu kutoka kwenye mfupa. Mfupa wa upande wa nje unapunguzwa kwa drili inayomwagiwa maji muda wote, kwa kuwa mfupa ukipata joto kali hufa. Kisha jino zima linapasuliwa vipande vitatu, kila kipande na mzizi wake.

Ndipo unafika wakati ninaoupenda. Chuma chembamba chenye ncha bapa kinaingizwa kati ya mzizi na mfupa, kinazungushwa kidogo sana, kisha kinashikiliwa. Kinashikiliwa tu. Sekunde kumi, ishirini, hata thelathini. Aliyesimama mlangoni atadhani daktari amesahau alichokuwa akifanya. Huko ndani, nyuzi ndogo zinazolifunga jino kwenye mfupa zinavutika, zinachoka, zinaachia moja moja, na damu inayojikusanya kwenye nafasi ile inasaidia kulisukuma jino. Chuma kinatolewa, kinaingizwa upande mwingine, kinashikiliwa tena. Mtu aliyewahi kung'oa mhogo kwenye ardhi kavu anaelewa: ukiuvuta kwa hasira unabaki na bua, mhogo wenyewe uko chini.

Na tazama kidole cha shahada. Kimenyooshwa juu ya chuma hadi karibu na ncha. Chuma kikiteleza, kidole kitagonga jino na kukisimamisha. Kisipokuwepo, ncha inaweza kuendelea hadi kwenye jicho. Koleo, ambalo wengi hudhani ndicho chombo cha kung'olea, huja mwisho kabisa, jino likiwa limeshalegea. Ukianza na koleo, mzizi unakatikia ndani, na kuufuata huko huchukua muda mrefu kuliko ule uliodhani umeuokoa.

Kushona kuna uzuri wake. Ufizi unaofunika shimo hautakiwi kuvutwa hata kidogo. Ukivutwa, nyuzi zitakata nyama. Mara nyingi haufiki. Daktari huugeuza, upande wake wa chini kuna utando mwembamba mweupe, anaukata huo peke yake kwa ncha ya kisu. Mara ufizi unalegea na kulala juu ya shimo wenyewe, kisha unashonwa kwa uzi unaoyeyuka. Kwenye chonge la juu hatua hii ni ya lazima hasa, kwa kuwa mfupa unaotenganisha mzizi wake na pua ni mwembamba mno. Mshono ukiachia hapo, kinywa na pua vinapata mlango, na mbwa akinywa maji anayatoa kwa chafya.

Lakini jino linaweza pia kuokolewa, na kwa chonge juhudi hiyo inastahili. Kwa mbwa mwenye umri mdogo aliyevunjika jino leo au jana, daktari huondoa milimita chache za kiini kilichochafuka, anaacha kilicho hai, na kukifunika. Dawa moja inayotumika kukifunika ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Mahmoud Torabinejad na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, kwa ajili ya meno ya watu. Msingi wake ni saruji ya Portland, ukoo mmoja na saruji ya majengo. Kiini kikipona, jino la kijana huendelea kunenepesha kuta zake kwa ndani. Muda ndio kila kitu hapo. Ndani ya saa 48 matumaini ni makubwa. Kila siku inayoongezeka inayapunguza.

Kiini kikiwa kimekufa, mzizi husafishwa wote. Fundi wa meno ya watu hutumia vyuma vya kusafishia vya milimita 21, 25 au 31. Chonge la mbwa mkubwa linaweza kuhitaji chuma cha milimita 60. Tena ncha ya mzizi wa mbwa haina njia moja: njia kuu hugawanyika kuwa vijia vingi vidogo ambavyo hakuna chuma kitakachoviingia. Vinaachiwa maji ya klorini, ndugu wa ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, yanayosukumwa taratibu, yanavutwa, yanasukumwa tena, hadi yatoke safi. Kisha nafasi hujazwa gutapecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, na mlango hufungwa.

Ujuzi huu umekopwa kwa madaktari wa meno ya watu. Marekani, Peter Emily, aliyekuwa daktari wa meno ya binadamu, ni mmoja wa waliouvusha hadi kwa wanyama, na huko taaluma hii ilitambuliwa kuwa ubingwa kamili mwaka 1988. Hapa kwetu daktari wa mifugo, awe amesomea Morogoro, Kabete au Makerere, ni wa wote: asubuhi ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, mchana kuku, jioni mbwa. Anayetenga saa mbili kwa jino moja katika siku ya namna hiyo ananistaajabisha zaidi kuliko bingwa.

Mara chache jino hutoka zima, na mzizi wake, baada ya ajali. Likiokotwa, lishikwe kwa kichwa chake, mzizi usisuguliwe hata kama una mchanga, litiwe kwenye maziwa na mbwa apelekwe haraka, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Daktari hulirudisha kwenye shimo lake na kulifunga kwa meno jirani kwa wiki kadhaa. Hata likishika, mzizi wake utahitaji kusafishwa, kwa kuwa damu iliyokuwa ikiulisha imekatika.

Mbwa wa polisi huvalishwa pia kofia ya chuma juu ya chonge lililotibiwa. Kipimo huchukuliwa mbwa akiwa amelala, maabara ikatengeneza, akalazwa tena kwa kuibandika. Kofia hiyo kwa makusudi hufanywa fupi kuliko jino la asili. Jino refu linapouma mkono wa mtu anayejinasua hubeba nguvu kubwa kwenye shina. Fupi hubeba kidogo, na bado linashika.

Miezi sita baadaye, au mwaka, mbwa aliyesafishwa mzizi hurudishwa mezani, analazwa na kupigwa picha. Daktari huweka picha mpya kando ya ile ya zamani na kutazama kivuli cheusi kilichokuwa kwenye ncha ya mzizi. Kikiwa kimejaa mfupa, mbwa anaenda zake. Kikibaki vilevile, husubiriwa picha nyingine. Kikiwa kimekua, daktari anamweleza mwenye mbwa bila kuficha, wanapanga siku, na chuma kile chenye ncha bapa kinatolewa kabatini.