Kitabu Kinachowajibu Wahakiki Kabla Hawajasema

Mwaka 2018 shirika la uchapaji la Beacon Press, la huko Boston, lilitoa kitabu kiitwacho White Fragility. Mwandishi wake, Robin DiAngelo, ni Mzungu wa Marekani ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiendesha semina za kuwafunza wafanyakazi juu ya ubaguzi wa rangi. Katika makala haya hatukusudii kukichambua kitabu hicho sura kwa sura. Tunakusudia zaidi kuwatazama waliokisifu na waliokilaumu, kwa sababu mapokezi yake yamezua swali linalotuhusu sana sisi tunaofundisha uhakiki: kitabu kinachohesabu kila pingamizi kuwa ushahidi wa ukweli wake kitahakikiwaje?

Yafaa kwanza msomaji aelewe hoja yenyewe. DiAngelo anasema kwamba Wazungu wa Marekani wamelelewa katika jamii iliyowapa nafasi ya juu hata wasiione kuwa ni nafasi. Kwa hiyo, mtu akiwagusa kidogo tu kuhusu rangi, hujihami. Wengine hukasirika, wengine hulia, wengine huondoka chumbani, na wengine hutaja marafiki zao Weusi. Matendo hayo, asema, hurudisha mambo yalipokuwa, kwani aliyelalamika hulazimika kumbembeleza aliyelalamikiwa. Hali hiyo alikwisha kuipa jina katika makala aliyoitoa mwaka 2011. Kitabu kilikuja kuipanua.

Jina hilo limetutaabisha. Tulipowapa wanachuo wetu wa ualimu hapa Uganda kazi ya kulifasiri, wa kwanza aliandika 'udhaifu wa Wazungu', nasi tukamkatalia, kwa kuwa mwandishi hasemi kwamba watu hao ni dhaifu. Anasema wana nguvu, ila ni wepesi wa kuvunjika wanapoguswa, na huko kuvunjika kwenyewe ni sehemu ya nguvu zao. 'Weupe' nao ulikataa kukaa vizuri, maana kwa Mswahili weupe ni wa shuka na wa maziwa. Neno 'Uzungu' lilikaribia zaidi, kwa kuwa lina maana ya hali na mwenendo. Hata hivyo tatizo kubwa lilikuwa katika neno ambalo kila mmoja wetu alidhani ni rahisi, yaani 'ubaguzi'.

Ubaguzi unatokana na kubagua, na kubagua ni tendo. Yupo mbaguzi, yupo anayebaguliwa. Kiganda nacho hufuata njia hiyo hiyo: kutoka kitenzi okusosola tunapata obusosoze. Lugha zetu, basi, zimemweka mtendaji ndani ya neno lenyewe. Ukimwambia mtu kwa Kiswahili kwamba yumo katika ubaguzi, atakuuliza mara moja, 'Nimembagua nani?' Na hilo ndilo jibu ambalo DiAngelo amelisikia katika semina zake miaka yote, ndilo analolipinga. Yeye anauona ubaguzi kuwa ni mfumo: shule, nyumba, mikopo, mahakama, na mtu aweza kufaidika na mfumo huo bila kumtukana wala kumpiga yeyote. Hapa ndipo penye nguvu ya kitabu hiki, na wahakiki wake wengi wamepita hapo haraka mno.

Mapokezi ya kwanza yalikuwa mazuri. Dibaji iliandikwa na Michael Eric Dyson, mwanazuoni Mweusi mwenye jina, na katika jarida la The New Yorker Katy Waldman alikiandikia kwa upole mwaka ule ule wa 2018. Kisha tarehe 25 Mei 2020 George Floyd akauawa na polisi mjini Minneapolis. Watu walijaa barabarani, na katika majuma yale kitabu kilipanda hadi kileleni mwa orodha za vitabu vinavyouzwa sana Marekani. Makampuni, shule na makanisa yalikinunua. Ndipo wahakiki walipokishika upya, safari hii kwa ukali.

Carlos Lozada, katika gazeti la The Washington Post la Juni 2020, alikilaumu kwa kuzunguka pale pale. Ukikubali kwamba unajihami, unajihami. Ukikataa, kukataa kwako ndiko kujihami. Mwezi uliofuata John McWhorter, mwanaisimu Mweusi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika katika The Atlantic lawama nzito zaidi. Alisema kitabu hiki, kwa kujidai kuwatetea Weusi, kimewafanya kama watoto wasioweza kustahimili neno. Mzungu afundishwa asiulize hili, asiseme lile, asilie mbele yao. Na Mweusi anayetokea katika kurasa hizo ni mtu wa kuumizwa tu.

Tunaiunga mkono lawama ya Lozada, ingawa si kwa ukamilifu. Kwamba watu hukana kosa walilotenda si jambo geni, na mwandishi ana haki ya kulionyesha. Lakini mwanachuo mmoja wetu alisimama akauliza, 'Mwalimu, kama kulia kwangu ni ushahidi, na kunyamaza kwangu ni ushahidi, na kubisha kwangu ni ushahidi, nitatambulikaje siku nisipokuwa na kosa?' Hatukuwa na jibu la kumpa, na kitabuni hatukuliona. Hoja isiyoweza hata kidogo kuonyeshwa kuwa ina makosa haiwezi pia kuonyeshwa kuwa ni ya kweli. Inabaki kuaminiwa, na kuaminiwa ni kazi ya dini.

Uko mfano mmoja uliowaudhi baadhi ya wahakiki, nao watupendeza kwa kuwa ni wa sarufi. Mwaka 1947 Jackie Robinson aliingia katika timu ya Brooklyn Dodgers, akawa mtu Mweusi wa kwanza wa karne ile kucheza katika ligi kuu za besiboli. DiAngelo ashauri kwamba habari hiyo isimuliwe hivi: Robinson alikuwa Mweusi wa kwanza ambaye Wazungu walimruhusu kucheza. Sahihisho hilo lina faida, kwa sababu linamtoa nje mtendaji aliyefichwa. Linatukumbusha kwamba mlango ulikuwa umefungwa na watu, na kwamba wachezaji hodari waliomtangulia hawakukosa kipaji. Lakini tazama gharama yake: Robinson mwenyewe amegeuka shamirisho katika sentensi ya maisha yake. Uhodari wake na ile subira yake mbele ya matusi vimetoweka, na mbele wamebaki Wazungu tena. Hapo McWhorter amepata.

Wapo pia waliokilaumu kutoka upande mwingine, na kundi hili ndilo lililo karibu na moyo wetu. Wao huuliza jinsi gani semina ya siku moja, inayolipiwa na mwajiri, itakavyobadili mishahara ya wafanyakazi Weusi wa mwajiri huyo huyo. Walimu waliosoma Fanon katika Kiswahili, katika tafsiri iitwayo Viumbe Waliolaaniwa iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978, au waliomsoma Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, watashangaa wakikuta katika kitabu juu ya ubaguzi machozi mengi kiasi hiki na mashamba ya pamba machache kiasi hiki. DiAngelo hakanushi historia. Huitaja, kisha hurudi haraka chumbani mwa semina. Mfumo alioutangaza mwanzoni humponyoka, na mkononi mwake husalia mtu mmoja mmoja na hisia zake. Yaani amerudi kwa yule mbaguzi wa kisarufi aliyetaka kumkimbia.

Kuhusu wapinzani wa siasa hatuna mengi. Septemba 2020 Rais Trump alitoa amri ya kuzuia mafunzo ya aina fulani juu ya rangi katika idara za serikali. Rais Biden akaifuta siku ya kwanza ya utawala wake, Januari 2021. Kupiga marufuku si uhakiki.

Limebaki jambo la darasani kwetu. Siku mbili wanachuo walisoma muhtasari wa kitabu hiki wakicheka. Waliwaona Wazungu wa Marekani kuwa vichekesho: watu wazima wanaolia wakiambiwa ukweli! Siku ya tatu binti mmoja, aliyekaa nyuma, aliuliza kama sura ile ya kujihami haituhusu sisi pia tunapotajiwa mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Kicheko kilikoma. Mmoja akasema walikuwa wakitunyonya. Mwingine akasema yeye hakuwa amezaliwa. Wa tatu akasema ana rafiki Mhindi. Wa nne akauliza ni nani aliyemtuma binti huyo kuuliza hayo.

Tunajua kwamba mizani si sawa. Waasia wa Uganda walikuwa na maduka na viwanda, nao Weusi wa Marekani walitoka utumwani. DiAngelo mwenyewe angesema kwamba anazungumzia wenye mamlaka juu ya jamii nzima, wala si kila kabila linalojitetea. Basi aeleze kwa nini majibu yale manne yalifuatana karibu kwa mpangilio wake. Ama kujihami ni tabia ya kila aliyefaidika na tendo baya, na hapo jina la kitabu ni jembamba kuliko jambo lenyewe. Ama sisi nasi, kwa mwaka ule, tulikuwa na mamlaka.

Mjadala ulipita kengele ya chakula. Yule binti ndiye aliyetupa tafsiri tuliyoiandika ubaoni mwishowe, 'wepesi wa kuumia wa mwenye nguvu', akilikataa neno Uzungu. Wenzake wawili walipinga wakisema ameibadili maana ya kitabu, na walisema kweli.