Tabasamu Lililoshonwa: Msuli wa Pajani kwa Mtoto Aliyezaliwa na Uso Uliopooza

Uso uliopooza tangu kuzaliwa hujionyesha wazi mtoto anapolia. Upande mmoja mdomo huvutika na jicho hufumba. Upande wa pili hubaki laini, hauna kunyanzi, na jicho limebaki wazi. Wazazi wengi huudhania upande uliovutika kuwa ndio wenye ugonjwa, kumbe ndio mzima. Upande uliotulia ndio usiopata amri kutoka kwenye neva ya uso, ambayo ni ya saba kati ya jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo.

Neva hiyo hupita katika mfereji mwembamba ndani ya mfupa wa sikio, hutokeza chini ya sikio, kisha hutawanyika usoni. Kwa mtu mzima, mahali inapotokeza hukingwa na nundu ya mfupa iliyo nyuma ya sikio. Kichanga bado hana nundu hiyo, hivyo neva yake iko karibu kabisa na ngozi. Koleo za kuzalishia zinaweza kuibana. Hata pasipo koleo, uchungu unapochukua muda mrefu, kichwa kinaweza kugandamizwa kwenye mifupa ya nyonga ya mama, hasa ikiwa mtoto ni mkubwa au ndiyo mimba ya kwanza. Hapo neva huwa imeumia, lakini ipo, na misuli yake ipo. Watoto walio wengi wa kundi hili, zaidi ya 9 kati ya 10, hupona wenyewe ndani ya wiki au miezi michache bila kufanyiwa upasuaji wowote.

Kundi la pili ni dogo zaidi, na shida yake ni nyingine kabisa: neva haikuumbika sawasawa tumboni, au haikuumbika kabisa, na misuli ya uso ikakosa kukua. Mfano unaojulikana zaidi umepewa jina la Paul Julius Möbius, daktari wa neva wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1888. Mtoto mwenye hali hiyo hupooza uso, mara nyingi pande zote mbili, na macho yake hushindwa kugeuka kuelekea nje kwa sababu neva ya sita nayo imeathirika. Kunyonya humpa taabu kwa kuwa midomo haifungi vizuri. Baadaye sauti za midomo humshinda, kama b na m zinazoanzisha maneno baba na mama. Akili yake mara nyingi ni timamu, lakini watu huona uso usiocheka wakadhani ni mtoto asiyeelewa au asiyependa watu. Kosa hilo la watazamaji huweza kumwumiza mtoto kuliko upungufu wenyewe wa misuli.

Kila uamuzi unaofuata hutegemea kutenganisha makundi haya mawili. Michubuko shavuni au nyuma ya sikio huashiria jeraha la kuzaliwa. Kupooza pande zote mbili, sikio lisilokamilika au macho yasiyogeuka huashiria kasoro ya maumbile. Kipimo cha umeme husaidia zaidi kikifanywa mapema, katika siku tatu za kwanza. Neva iliyojeruhiwa, hata iliyokatika, huendelea kuitikia umeme siku chache kabla sehemu iliyo mbele ya jeraha haijafa. Ile ambayo haikuumbika haiitikii tangu siku ya kwanza. Kipimo kikicheleweshwa wiki kadhaa, tofauti hiyo hufutika, na jibu lililokuwa rahisi kupatikana hugeuka kuwa la kubahatisha. Picha ya CT ya mfupa wa sikio inaweza kuonyesha mfereji wa neva ulio mwembamba mno au usiokuwepo.

Wakati hayo yakichunguzwa, jicho halingoji. Kope isiyofunga huacha kioo cha jicho kikauke na kupata kidonda, na kovu lake huweza kupofusha. Matone ya kulainisha mchana, mafuta ya macho usiku, na plasta ya kufunga kope wakati wa kulala ni tiba za bei ndogo, nazo hutangulia mambo yote.

Kwa mtoto ambaye misuli yake haikuumbika, kuunganisha neva peke yake hakusaidii, maana hakuna kitu cha kuvuta. Inabidi uletwe msuli mpya ulio hai. Njia hiyo ilifunguliwa nchini Japani, pale Kiyonori Harii na wenzake walipochapisha mwaka 1976 habari ya kuhamisha msuli wa grasilisi kutoka pajani hadi usoni, pamoja na mishipa yake ya damu na neva yake. Baadaye madaktari wa Toronto, Kanada, akiwemo Ronald Zuker wa hospitali ya watoto ya Hospital for Sick Children, waliiboresha kwa ajili ya watoto wenye hali ya Möbius. Upasuaji hufanywa zaidi mtoto akiwa na umri wa miaka 5 hivi. Mishipa yake ya damu huwa imepanuka kiasi cha kushonwa, naye huweza kufuata maelekezo ya mazoezi, na kwa kawaida bado hajakutana na dhihaka za shule.

Grasilisi ni mwembamba na uko upande wa ndani wa paja. Kazi yake ya kuvuta paja kuelekea ndani hufanywa pia na misuli mingine iliyo jirani, ndiyo maana mtoto huendelea kukimbia bila kuukosa. Hauhamishwi wote. Hukatwa kipande tu, kwa watoto chenye uzito wa gramu kumi na kitu, kwa sababu msuli mnene huacha shavu limevimba daima.

Hatua inayoamua sura ya tabasamu hutangulia kuwekwa kwa msuli. Mpasuaji hufungua shavu kwa mkato mbele ya sikio, hupitisha nyuzi chache kwenye kona ya mdomo na mdomo wa juu, kisha huzivuta taratibu huku akiangalia mkunjo unaojitokeza kati ya pua na mdomo. Nyuzi zikiwa ndani mno, mdomo hujikunja vibaya. Zikiwa nje mno, hugeuka kwa nje. Huzisogeza mpaka mkunjo ukae panapopaswa. Ikiwa mtoto amepooza upande mmoja, upande mzima ndio kielelezo, na mwelekeo wake huchorwa kabla ya kulazwa, mtoto akicheka. Akiwa amepooza pande zote mbili, hakuna kielelezo. Hapo jicho na uzoefu wa mpasuaji ndivyo huamua.

Ncha moja ya msuli hushonwa kwenye nyuzi hizo, nyingine kwenye tishu ngumu karibu na mfupa wa shavu. Kisha chini ya hadubini ateri na vena zake, zenye upana wa milimita moja au mbili, huunganishwa na zile za usoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Damu ikigoma kupita, msuli hufa ndani ya saa chache, hivyo mgonjwa huchunguzwa kwa ukaribu siku za mwanzo.

Linabaki swali la neva ya kuuamrisha. Kwa mtoto wa Möbius aliyepooza pande zote mbili hakuna neva ya uso ya kutumia, kwa hiyo huazimwa tawi la neva ya msuli wa kutafunia, ambalo kwa kawaida ni zima na lina nguvu. Kwa aliyepooza upande mmoja ipo njia nyingine. Kipande cha neva ya hisia kutoka shavu la mguu hupitishwa chini ya ngozi ya mdomo wa juu, kikiunganishwa na tawi la kutabasamu la upande mzima. Nyuzi za neva hukua ndani yake karibu milimita 1 kwa siku, na msuli huletwa katika upasuaji wa pili baada ya miezi 9 hadi 12. Faida yake ni tabasamu linalokuja lenyewe mtoto anapofurahi. Udhaifu wake ni mvuto mdogo na kusubiri kwingi. Neva ya kutafunia huvuta kwa nguvu zaidi kwa upasuaji mmoja, ila mwanzoni mtoto hana budi kuuma meno ndipo atabasamu. Kwa waliopooza pande zote mbili hoja hii haina mjadala, kwani upande wa kuazima haupo.

Mtikisiko wa kwanza huonekana baada ya miezi kadhaa. Mtoto hukaa mbele ya kioo, huuma meno, huona kona ya mdomo ikipanda, kisha hujifunza kulinganisha pande mbili. Wengi, kadiri ubongo unavyozoea, huacha kuuma meno, wakatabasamu moja kwa moja. Paji la uso halitakunjana wala kope hazitafumba vizuri zaidi kwa upasuaji huu, na matone ya macho huendelea kama kawaida.