Onyo Bora Kabla ya Kuondoa Kipengele cha Programu

Watunzaji wa programu huria wana haki ya kuondoa kipengele cha zamani. Ustadi wao huonekana katika namna wanavyowaonya wanaokitegemea. Kwa hiyo, unapochagua maktaba ya kujengea mradi wako, chunguza maonyo yake kabla ya kuvutiwa na sifa zake.

Maneno. Onyo bora hujibu maswali matatu: ni nini kinaondolewa, lini, na kitumike nini badala yake. Mfumo wa Django huliweka jibu la “lini” ndani ya jina la onyo lenyewe: RemovedInDjango60Warning inataja toleo ambalo kipengele hakitakuwamo tena. Onyo linaloishia kusema kitu kimepitwa na wakati ni duni, kwa sababu linatisha bila kuelekeza.

Mahali. Katika Python, amri ya warnings.warn ina kigezo kiitwacho stacklevel. Kikiachwa kilivyo, onyo hutaja mstari wa ndani ya maktaba, ambao mtumiaji hakuuandika. Kikiwekwa 2, hutaja mstari ulioiita maktaba hiyo, yaani pale panapohitaji kurekebishwa. Hapa ndipo fundi anayemjali mtumiaji anapojulikana.

Muda. Mwaka 2012, Python 3.3 ilihamisha aina kama Mapping kutoka collections hadi collections.abc, lakini njia ya zamani ikaendelea kufanya kazi. Hata siku za kuifunga zilipokaribia, iliachwa kwa toleo moja zaidi, 3.9. Iliondolewa katika 3.10, mwaka 2021.

Kufika. Pamoja na subira yote hiyo, maktaba nyingi zilikwama 3.10 ilipotoka. Sababu mojawapo ni kwamba Python, kwa kawaida, huficha DeprecationWarning inayotokea ndani ya maktaba ili isiwasumbue watumiaji wasioandika msimbo. Ndiyo maana mtunzaji hodari hategemei onyo la programu peke yake: huliandika pia katika maelezo ya kila toleo na katika mwongozo wa kuhama, akionyesha msimbo wa zamani na mpya sambamba.

Mradi ukipungukiwa na moja ya haya manne, usiutegemee kwa kazi nzito. Nawe mtumiaji timiza wajibu wako: endesha majaribio yako kwa python -W error::DeprecationWarning, urekebishe msimbo mapema, wakati njia ya zamani ingali wazi.