Usihesabu Maonyo, Tafuta Yaliyozimwa

Ukiletewa programu ya Haskell uamue kama aliyeiandika ni fundi au mbabaishaji, usiiendeshe kwanza. Fungua faili la mipangilio, tafuta mstari wa ghc-options. Kama -Wall haimo, tia shaka: bila kuombwa, kompaila ya GHC haikuambii kwamba funksheni imeacha hali fulani bila jibu.

Na hilo ndilo onyo lenye uzito kuliko yote. Chukua mfano huu: wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo, iliyofika pia zoni ya afya ya Nyankunde mkoani Ituri, wagonjwa walipangwa kuwa wa kushukiwa, wa yamkini au waliothibitishwa. Tuseme kijana wa Bunia, mji wa mkoa huo, anayaandika hayo kwa Haskell:

data Hali = Anashukiwa | Yamkini | Amethibitishwa

Kisha majibu ya maabara yanaonyesha kuwa wengine hawana ugonjwa, naye anaongeza jina la nne, Hana. Chini ya -Wall kompaila itamtajia kila funksheni inayochambua Hali bila kujua la kufanya na Hana, pamoja na namba ya mstari. Lakini kama mahali fulani aliweka alama ya _ kwa maana ya "mwingine yeyote, mtenge", kompaila itanyamaza, na asiye na Ebola atapangiwa hema la wagonjwa. Ndiyo maana mimi hupekua alama hizo kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye namba na maandishi huna budi kuzitumia, nani atamaliza kuorodhesha namba zote? Kwenye aina yenye majina manne, ni uvivu. Programu iliyotulia kwa sababu imejaa _ naiogopa kuliko yenye maonyo ishirini.

Zaidi ya -Wall ipo -Weverything, ambayo hulalamikia mpaka mambo ya ladha tu. Wapo mafundi wanaoiwasha kisha wakazima wasiyoyataka moja moja. Sina ugomvi nao.

-Werror, inayogeuza onyo kuwa kosa, inafaa mezani kwako. Katika programu unayowagawia wengine ni usumbufu: toleo jipya la GHC huja na maonyo mapya, na kilichojengeka jana kinagoma leo kwa mtu ambaye hakugusa hata herufi.

Halafu angalia maonyo yamezimwa wapi. -Wno-name-shadowing juu ya faili moja, na sababu imeandikwa kando yake, ni kazi ya mtu anayefikiri. -Wno-incomplete-patterns, inayozima lile onyo la hali zilizoachwa bila jibu, kwa mradi mzima? Mrudishie mwenyewe.

Mwisho, akikuonyesha skrini safi, mwambie ajenge upya kwa -fforce-recomp. GHC hairudii maonyo ya moduli ambayo haikuijenga tena, kwa hiyo usafi wa mara ya pili si ushahidi wa lolote.