Pumzi Moja ya Clara Peller

Ukitaka kujua ugumu wa kumwongoza mtu asiye mwigizaji, nenda arusini umtazame mpiga video anapofika kwenye meza ya wageni. Mjomba aliyekuwa akisimulia kisa kwa mikono miwili ananyamaza ghafla. Shangazi anaacha kutafuna. Taa ikiwamulika, mmoja anainamia sahani yake, mwingine anaikodolea kamera macho kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Taa ikihamia meza ya pili, kicheko kinarudi palepale kilipokatiwa. Mjomba ana kipaji, na meza nzima ni shahidi wake, lakini kipaji chenyewe hakiji kwa kuamriwa. Wala usimwambie "kuwa wa kawaida tu." Hakuna neno linalomkakamaza mtu upesi kuliko hilo.

Kwa hiyo namhusudu kila mwongozaji aliyeweza kumfikisha mtu wa kawaida kwenye kioo cha televisheni akiwa mzima, na juu ya wote namhusudu Joe Sedelmaier wa Chicago. Kazi yake inayojulikana zaidi ina urefu wa sekunde 30. Ni tangazo la migahawa ya Wendy's, lililoanza kurushwa Marekani Januari 1984, na nyota wake ni bibi wa miaka 81 aitwaye Clara Peller. Bibi huyo hakuwa mwigizaji. Kwa takriban miaka 35 riziki yake aliipata saluni, kwa kutengeneza kucha za wateja.

Namna alivyoingia kwenye kazi hii inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Watengenezaji wa tangazo jingine walikuwa wakipiga picha ndani ya duka la kinyozi jijini Chicago, wakahitaji mtu wa kutengeneza kucha. Badala ya kumvalisha mwigizaji koti la saluni, waliajiri mtengeneza kucha wa kweli. Clara, akiwa na miaka 80, akaja kufanya kazi aliyoizoea. Huko ndiko walikomsikia: sauti nzito yenye mikwaruzo, ya mtu asiyebembeleza, ikitoka katika mwili mdogo usiofika hata futi tano. Baadaye wakamwita kusaini mkataba wa kuigiza. Sidhani angepita kama angesimamishwa kwenye foleni ya usaili na kupewa karatasi ya kusoma. Alionekana akiwa kazini, na mtu aliye kazini hana nafasi ya kujitazama.

Sedelmaier alikuwa amejenga jina lake juu ya watu wa aina hiyo. Matangazo ya Marekani ya zama zake yalijaa vijana wenye meno yaliyonyooka na mama wa nyumbani wanaotabasamu mbele ya sabuni. Yeye alichagua nyuso zilizokwishaishi: wazee wenye vipara, wanawake wenye miwani minene, watu ambao ungepishana nao kituo cha basi usigeuke. Akawasimamisha kamera ikiwatazama usoni moja kwa moja, na wao wakaitazama dunia kwa uso mkavu. Mwaka 1981 alitengeneza tangazo la kampuni ya vifurushi ya Federal Express, ambamo John Moschitta, bingwa wa kusema haraka, anaendesha shughuli za ofisi nzima kwa kasi ya mashine ya cherehani. Litazame tena ukiwa umeacha kumsikiliza Moschitta. Utaona kuwa hakuna hata mmoja ndani ya ofisi ile anayeshangaa. Kwao hiyo ni siku ya kazi kama siku nyingine. Kuchekesha kwa namna hiyo ni kugumu, kwa sababu kila mtu kwenye seti anatamani kuonyesha kuwa amekielewa kichekesho.

Sasa turudi kwenye tangazo la Clara. Wendy's walikuwa na jambo dogo la kusema, tena la kuchosha: kwamba baga yao ya kawaida, iitwayo Single, ilikuwa na nyama nyingi kuliko Big Mac ya McDonald's na Whopper ya Burger King, ingawa majina ya washindani yanakupa picha ya kitu kikubwa. Ukiliandika hivyo, msikilizaji ameshainuka kwenda kuchukua maji ya kunywa. Cliff Freeman, mwandishi wa kampuni ya matangazo ya Dancer Fitzgerald Sample, alilibana likawa swali: nyama iko wapi?

Swali lenyewe halikutosha. Kulikuwa na toleo la mwanzo ambamo mwanamume wa makamo mwenye kipara anashukuru kwanza, kisha ndipo anauliza nyama iko wapi. Halikuvuma. Nikiliweka kando ya toleo la Clara naona kasoro mbili. Ya kwanza ni ile asante. Anayeshukuru amekwisha kusamehe, na swali lake linabaki kama utani wa mteja mpole. Ya pili ni kwamba mwanamume wa makamo akilalamikia chakula hatushtuki, maana tumezoea kumsikia.

Katika toleo lililobaki, bibi watatu wamesimama kwenye kaunta ya mgahawa wa kubuni unaojisifu kwa ukubwa wa mikate yake. Mbele yao iko baga yenye mkate mkubwa uliovimba. Bibi wawili, Mildred Lane na Elizabeth Shaw, wanausifia mkate kwa adabu zote: ni mkubwa kweli, ni mkubwa sana, ni laini. Wanauzungumzia kama wageni wanaosifia mapazia ya mwenyeji. Watazamaji wengi humkumbuka Clara peke yake, na ni dhuluma, kwa sababu bila wenzake wawili asingekuwa na kitu cha kukatiza. Sauti zao ni tamu na hazina haraka. Mkate unafunuliwa: ndani mna kipande cha nyama kisichozidi sana duara la tango la achari lililolazwa juu yake. Hata hapo wawili hao hawakasiriki. Wanaendelea kutafuta la kusifia.

Clara ni mfupi kuliko wenzake, na muda wote huo yuko kimya. Halafu anafyatuka: "Nyama iko wapi?"

Neno la kwanza la sauti ile linapasua heshima yote iliyokuwa imetandazwa. Hamtazami mwenzake kutafuta uungwaji mkono. Hatazami kamera kuomba tucheke. Anauliza kwa sababu anataka kujua. Sauti ya msimulizi inaingia kueleza habari za Wendy's, na tunarudi kwenye kaunta, ambako hakuna mhudumu aliyejitokeza. Clara anauliza tena, kwa ukali zaidi, kisha anasema haamini kama kuna mtu kule nyuma. Basi, tangazo limekwisha.

Swali lile lilivyopata umbo lake ni kisa cha kitaalamu chenye mafunzo mengi kuliko vitabu kadhaa vya uongozaji nilivyosoma. Maneno aliyokusudiwa kuyasema yalikuwa marefu zaidi kidogo, yakiulizia ilipo nyama yote. Lakini Clara alikuwa na emfisema, maradhi ya mapafu yanayoifanya pumzi kuwa bidhaa adimu, na sentensi ile ilimshinda. Mwongozaji wa kawaida angerudia na kurudia, au angeomba aletewe bibi mwingine mwenye mapafu mazima. Sedelmaier alipunguza maneno hadi yakalingana na pumzi. Kilichobaki kinatoka chote kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo ndio ukali tunaousikia. Huo ni ukomo wa mapafu yake. Tunausikia kama hasira kwa sababu sikio la binadamu limezoea kuwa mtu mwenye hasira hukata maneno.

Vilevile Clara alikuwa mgumu wa kusikia. Waigizaji wawili wakijibizana, kila mmoja huning'inia kwenye neno la mwisho la mwenzake. Ndipo mazungumzo yanapata mtiririko. Kwa mtu asiyesikia vizuri mtiririko huo haupo. Maneno yake huja na saa yake mwenyewe, na katika tangazo hili ndivyo inavyotakiwa: anaonekana hana habari na maongezi ya wenzake kuhusu ulaini wa mkate. Ninavyoona mimi, hapa ndipo ufundi ulipo. Kila kitu ambacho ofisi ya usaili ingekihesabu kuwa upungufu, yaani umri, kimo, pumzi, masikio, sauti, kilipewa mahali ambapo kilihitajika. Bibi hakutakiwa kujigeuza mtu mwingine. Kaunta, mkate, wenzake wawili na mpangilio wa sekunde ndivyo vilivyogeuzwa kumfuata yeye.

Hata hivyo sikubali kwamba Clara alikuwa chombo tu mkononi mwa fundi. Kusema maneno matatu kana kwamba hujawahi kuyasema, halafu kuyasema tena kwenye jaribio linalofuata, na linalofuata, chini ya joto la taa, ni kazi. Waigizaji waliosomea hushindwa nayo. Pengine ilimsaidia kuwa alikwisha kukaa miaka mingi ana kwa ana na wateja, mkono wa mtu kiganjani mwake, akisikia majivuno yao na kuwajibu apendavyo. Hilo ni dhana yangu, lakini sijui chuo kingine ambako sura ile ya kutobabaishwa na mtu ingefundishwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Swali likaenea kwenye fulana na vikombe. Tarehe 11 Machi 1984, katika mdahalo wa wagombea wa chama cha Democratic mjini Atlanta, Walter Mondale alimgeukia Gary Hart na kumwambia kuwa akisikia habari za mawazo mapya ya Hart hulikumbuka lile tangazo, kisha akauliza nyama iko wapi. Akamshinda Hart ndani ya chama. Novemba, katika uchaguzi wa rais, akaambulia jimbo moja tu, Minnesota, pamoja na mji mkuu. Mauzo ya Wendy's yalifika dola milioni 945 mwaka 1985, ongezeko la asilimia 31. Kwa matangazo ya mwanzo Clara alilipwa kiwango cha chama cha waigizaji, dola 317.40 kwa siku. Baadaye kampuni ilisema kuwa kwa jumla alilipwa nusu milioni, naye akakana kupata kiasi hicho.

Matangazo yaliyofuatia yanastahili kutazamwa kwa jicho la fundi, kwa kuwa yanaonyesha jinsi wenyewe walivyoielewa mali waliyokuwa nayo. Katika mojawapo Clara anazunguka kwa gari kwenye madirisha ya migahawa yanayohudumia wenye magari, na kila anapoanza kuuliza, dirisha linashushwa kwa kishindo kabla hajamaliza. Maneno matatu yamepungua tena. Hawakumwongezea hotuba, hawakumpa mjukuu wa kuzungumza naye, hawakumfundisha kucheza muziki. Walioiga mtindo huu katika miaka ile na baadaye walichukua nyuso ngeni wakasahau subira, na matokeo yake mara nyingi ni kamera inayomcheka mzee. Kwa Sedelmaier mzee ndiye mwenye akili timamu peke yake chumbani.

Mwaka 1985 Clara alitokea kwenye tangazo la mchuzi wa tambi wa Prego, akitangaza kwa furaha kuwa sasa ameipata. Wendy's wakavunja mkataba naye, wakisema kuwa watazamaji wataelewa kuwa nyama ameipata kwingine. Kibiashara nawaelewa. Kama mtazamaji, lawama yangu kwa tangazo la Prego ni nyingine: lilimfanya bibi aridhike, na sura ile haikuwa na kazi ya kufanya kwenye kuridhika. Alifariki Agosti 1987, siku chache baada ya kutimiza miaka 85.

Wendy's walihangaika kutafuta cha kushika nafasi yake. Mwaka 1989 wakamsimamisha mbele ya kamera mwanzilishi wao, Dave Thomas, mtu wa jikoni na biashara ambaye hakuwa mwigizaji hata kidogo, akiwa na shati lake jeupe la mikono mifupi na tai nyekundu. Wakosoaji walimcheka mwanzoni kwa kukakamaa kwake. Hawakumbadilisha, na hadi alipofariki mwaka 2002 alikuwa ametokea kwenye matangazo zaidi ya 800.