Kumalizia Kazi ya Kiwanda

Jaguar XJR ya 1998 ikiwashwa asubuhi ya baridi, fundi anayeijua hasemi neno. Anainamisha kichwa juu ya injini na kusikiliza sekunde tatu au nne za kwanza. Akisikia mchakacho sehemu ya juu, mithili ya shanga zinazotikiswa ndani ya kibuyu, kisha ukatoweka mara presha ya oili inapopanda, anazima injini hapo hapo. Hahitaji kuusikia mara ya pili.

Mkosaji ni kipande cha plastiki. Injini hiyo ya V8, yenye ujazo wa lita 4, ina kamshafti nne, mbili kila upande, na kila jozi imeunganishwa kwa cheni fupi inayokazwa na tensiona. Tensiona za mwanzo zilikuwa na mwili wa plastiki. Plastiki ikichemshwa kwenye oili kwa miaka, hupasuka. Cheni hulegea, na siku itakaporuka meno, vali na pistoni zitagongana. Wahenga waliotuonya kuhusu ufa na ukuta wangeielewa injini hii bila kufunguliwa bonneti: ufa ni vidude viwili vinavyoenea kiganjani, ukuta ni injini nzima.

Gari lenyewe si la kubezwa. Lilitoka Browns Lane, Coventry, na injini yake ilitengenezwa Bridgend, Wales. Umbo lake refu, la chini, lenye taa nne za duara, ni la ukoo ulioanza na XJ6 ya William Lyons, mmoja wa waanzilishi wa Jaguar, mwaka 1968. Supachaja, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, iliipa injini nguvu za farasi zipatazo 370, na kasi ya gari ikafungiwa kwenye kilomita 250 kwa saa. Ndani kuna ngozi na mbao. Lakini wakati huo Jaguar ilikuwa mali ya Ford, na ukilifungua gari utaona fahari na ubahili vimekaa meza moja: mahali abiria anapogusa hapakubaniwa senti, mahali fundi pekee anapoona pamebaniwa. Kazi ya fundi wa magari haya ni kuyajua maeneo yote yaliyobaniwa na kumalizia kile ambacho kiwanda hakikumalizia.

Mtazame akibadilisha tensiona. Kwanza anasafisha injini kwa nje, kwa sababu hataki mchanga uingie atakapofungua. Anatoa koili za plagi, anaondoa vifuniko vya vali. Anaifunga krenkishafti kwa pini isizunguke, na juu ya kamshafti analaza bamba la chuma linaloshika sehemu zake bapa, ili zisisogee hata kidogo cheni itakapolegezwa. Halafu anafanya jambo ambalo mwenye pupa hulipuuza: anaziba matundu yote ya mbele kwa vitambaa safi. Bolti ikiponyoka ikaanguka humo, inaishia kwenye cheni za chini, na kazi ya siku moja inakuwa ya wiki. Tensiona mpya zina mwili wa metali. Bolti zake zinaingia kwenye aluminiamu, metali laini ambayo uzi wake hufa kwa mkazo mmoja uliozidi, kwa hiyo anakaza kwa spana yenye kipimo, wala si kwa nguvu za bega. Mwisho anatoa vitambaa, anaondoa pini na bamba, na kuizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa ufunguo. Kama kuna kitu kitagonga, afadhali kigonge kwa nguvu za mkono wake.

Upande mwingine wa stadi hii ni kujua la kufanya ukishafika mahali pagumu. Supachaja ya Eaton imelala katikati ya V ya injini, na chini yake inapita mipira ya maji inayokaushwa na joto hadi inakuwa migumu kama mbao. Mpira wenyewe ni bei ndogo. Kuufikia ndiyo gharama, maana lazima supachaja nzima ing'olewe. Fundi wa kawaida atabadilisha ule unaovuja. Fundi ninayemsifu atabadilisha yote, na gasketi zake, na akiwa ameishika supachaja mezani ataukagua ule muunganisho wa mbele ambao ukilika huifanya injini ya petroli igongegonge kama ya dizeli.

Kitabu cha gari kilisema oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote. Maisha ya nani, hakikusema. Giaboksi ya XJR ni ya Mercedes-Benz, kwa kuwa ile ya matoleo yasiyo na supachaja haikutosha kwa msukumo huu, na mafundi huimwaga oili yake na kuweka mpya bila kujali kitabu.

Kuna pia suala la silinda. Hadi mwaka 2000 zilipakwa Nikasil, utando wa nikeli na silikoni kabaidi, ambao uliliwa na salfa iliyokuwemo kwenye petroli ya wakati huo, hasa kwenye magari ya safari fupi fupi. Baadaye wakaweka silinda za chuma cha kawaida. Salfa imepunguzwa sana kwenye petroli ya Uingereza, kwa hiyo injini ya Nikasil iliyovuka kipindi kile na bado ina kompresheni nzuri haina sababu ya kuogopwa.

Mimi lakini heshima yangu kubwa naiweka kwa fundi wa kutu. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula bodi kutokea ndani. Karibu kila gari lililozidi miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na wapo wanaobandika bati juu ya uozo, wakapaka rangi nyeusi, likapita. Fundi wa kweli anakata mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa, anachomelea kipande alichokikunja mwenyewe kufuata umbo la awali, kisha ananyunyizia nta ndani ya uwazi ambao hakuna mkaguzi wala mnunuzi atakayeuona. Kazi ya injini husikika. Hii ya kutu haileti sifa.

Basi msomaji uliye Uingereza, ukivutwa na XJR inayouzwa kwa bei ya gari dogo lililotumika, acha kwanza maili zilizoandikwa kwenye dashibodi. Omba risiti ya tensiona, omba risiti ya oili ya giaboksi, kisha lala chini na tochi. Risiti zikikosekana, jumlisha gharama ya kazi hizo kwenye bei uliyotajiwa, na hiyo ndiyo bei ya gari.