Rangi za Mwamba wa Igeleke

Nje kidogo ya mji wa Iringa uko mwamba wa Igeleke, wenye picha za wanyama na za watu zilizochorwa na watu wa kale. Wengi waendao kuzitazama husema maneno mawili: kwamba wekundu ule ni damu, na kwamba wachoraji hawakujua kazi, maana watu wao ni kama vijiti visivyo na nyuso. Twaona hukumu zote mbili zimetolewa upesi mno.

La damu ni jepesi. Damu ikikauka huwa nyeusi, haikai nyekundu. Wataalamu wamepima wekundu wa picha nyingi za miamba ya Afrika, wakaona ni ngeu, yaani udongo wenye kutu ya chuma, ambao haupauki kwa jua. Humulika rangi kwa nuru ya namna moja, na sehemu ndogo ya nuru irudiyo hubadilika kwa kadiri ya kitu kilichoipokea. Jambo hilo alilivumbua Raman wa India mwaka 1928, na leo vyombo vyake huchukuliwa mkononi hata mwambani, wala hapakwanguliwi chembe. Tena ngeu ya manjano ikitiwa motoni hugeuka nyekundu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe ya bahari ambamo watu walichanganyia ngeu, mifupa iliyopondwa na makaa, yapata miaka 100,000 iliyopita. Hao hawakupaka ovyo.

La vijiti lina uzito zaidi. Rangi nyeupe ya udongo haishiki jiwe kama ngeu ishikavyo. Mvua huiondoa kwanza. Katika milima ya Drakensberg wako watu wengi waliochorwa ambao leo hawana nyuso, kwa kuwa nyuso zao zilipakwa nyeupe, nayo imekwisha. Mama zetu wapakao kuta za nyumba udongo wa rangi, toka Iringa hata Mbeya, wajua vema kwamba masika hayali rangi zote sawasawa. Basi atazamaye kiwiliwili kisicho na uso na aulize kwanza mvua imekula nini, ndipo amhukumu mchoraji.

Hatusemi kwamba kipimo chaweza kutueleza maana ya picha. Hata umri wake ni shida, kwani ngeu haina kaboni ya kuhesabia miaka. Makaa ndiyo yaliyo nayo.

Kwa hiyo twawalaumu wamwagao maji mwambani ili picha ing'ae kwa kamera. Maji hayo huchukua nyeupe iliyosalia, na yakikauka huacha utando wa chumvi. Na aandikaye jina lake kwa makaa hutia makaa ya mwaka huu juu ya makaa ya kale, na mpimaji ajaye atawezaje kuyatenga?